Opereta wa mitambo anayefuga ng'ombe, Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayeendesha greda, kijiko (ekskaveta, mtambo wa kuchimbia) au katapila kwa ajira au kwa kibarua, na nyumbani ana ng'ombe wachache wa maziwa. Anayefuga mamia mbugani atayafaidi zaidi maswali ya lambo la maji na ya ugonjwa wa kimeta.

## Kabla hujaanza

Kazi hizi mbili zinaendana kweli, au moja itaiua nyingine?

Zinaendana, ila kalenda zake zinagongana mahali pabaya. Masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, mitambo mingi hulala kwa sababu udongo umelowa, na wakati huohuo majani yamejaa kila mahali. Kuanzia Juni hadi Oktoba saiti zote zinakuita kwa pamoja, na hapo ndipo malisho yanapokauka. Kwa maneno mengine, ng'ombe wanakuhitaji zaidi siku ambazo haupo.

Kwa hiyo kazi ya ng'ombe hufanywa masika, mtambo ukiwa umelala: kukata na kuhifadhi malisho, kuziba paa la banda, kuchanja, kupanga mimba. Opereta anayepumzika miezi hiyo halafu Agosti anapiga simu nyumbani kutafuta majani ya kununua ndiye anayesema ufugaji haulipi.

Nianze na ng'ombe wangapi?

Wawili wa maziwa, wa kufugia ndani. Mmoja akikauka mwingine anakamuliwa. Watatu au wanne ni sawa ukishakuwa na matete (majani ya tembo) ya kutosha na mtu wa kuaminika. Kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani yenye migomba) vya Hai, Moshi Vijijini na Rombo ardhi ni finyu, na migomba haiwezi kuwa chakula pekee: shina la mgomba ni maji matupu, linajaza tumbo bila kutia maziwa.

Leseni ya gari ndogo inatosha kuendesha mtambo?

Haitoshi. Leseni ya Tanzania ina daraja lake la mitambo, na mwajiri makini ataiomba pamoja na cheti cha mafunzo. Uliza chuo cha VETA kilicho karibu nawe, au Taasisi ya Teknolojia ya Ujenzi (ICoT) Morogoro. Wengi waliopo kazini walianza kama utingo wa mtambo wakajifunzia saiti. Ujuzi huo ni wa kweli, lakini siku ya ajali karatasi ndiyo inayoangaliwa. Hakikisha pia mwajiri amekuandikisha NSSF na anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Nitajuaje mambo ya nyumbani nikiwa saiti wiki tatu?

Kwa daftari la kituo cha maziwa. Ukipeleka kwenye ushirika, kama ule wa wanawake wa Nronga kule Hai ulioanza mwaka 1988, kila asubuhi lita zinaandikwa. Mwambie msaidizi akutumie picha ya ukurasa kila Jumapili. Lita zikishuka ghafla kwa siku mbili, uliza mambo matatu kwa mpangilio huu: maji, chakula, homa. Mara nyingi ni maji. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji lita 60 hadi 100 kwa siku, na msaidizi aliyechoka kubeba ndoo atampa mbili tu aseme ameshiba.

## Mtambo

Nikague nini asubuhi kabla ya kuwasha?

Mtambo ukiwa umesimama mahali tambarare na injini imepoa: pima oili kwa kijiti, angalia maji ya rejeta, fungua koki ya chujio la dizeli utoe maji yaliyotuama chini, tazama oili ya haidroliki kwenye kioo chake. Zunguka mtambo mzima ukitazama chini. Tone jipya juu ya vumbi linaonekana vizuri kabla jua halijapanda. Kisha grisi kwenye pini zote za mkono na kijiko, kila siku, hadi grisi chafu itoke pembeni. Pini inayolia imeshaanza kula bushi.

Hosi ya haidroliki ukiishuku, usiipapase kwa kiganja. Presha humo ndani inapita baa 300, na tundu dogo la sindano linaweza kupenyeza oili chini ya ngozi bila maumivu makubwa hapo mwanzo. Baadaye mkono unaoza. Pitisha kipande cha boksi. Aliyechomwa na oili aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama kidonda ni nukta tu.

Tangi lijazwe jioni au asubuhi?

Jioni, kwa sababu tangi tupu likipata baridi ya usiku hutoa umande ndani, na maji hayo huishia kwenye pampu na nozeli. Juni na Julai jambo hili si dogo kwenye nyanda za Meru, West Kilimanjaro na Monduli Juu. Lakini kama saiti haina mlinzi wa kueleweka, tangi lililojaa ni mwaliko wa wanyonya mafuta. Hapo jaza asubuhi, na usiruke kutoa maji kwenye chujio.

Sevisi ifanyike kila baada ya muda gani?

Fuata kitabu cha mtambo. Kama hakipo, mazoea ya kawaida ni oili ya injini na filta yake kila masaa 250, filta za dizeli kila masaa 500, filta ya haidroliki kila masaa 1,000, na oili yote ya haidroliki karibu masaa 2,000. Saa ya mtambo huhesabu hata ukiwa umesimama unaunguruma, kwa hiyo kumsubiri tipa injini ikiwa inawaka kunaileta sevisi karibu bila kazi yoyote kufanyika.

Filta ya hewa ndiyo inayoua injini nyingi huku kwetu, maana vumbi la majivu ya volkano ni laini kama unga. Filta ya nje ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, isiyozidi baa 2. Kuigongagonga kwenye tairi kunapinda mdomo wake, na vumbi litapita pembeni. Filta ndogo ya ndani haisafishwi kabisa, inabadilishwa. Na kabla ya kuzima injini yenye tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa), iache iungurume taratibu dakika 3 hadi 5 ili tabo ipoe ikiwa bado inapata oili.

Kwa nini barabara niliyopiga greda inaharibika mvua ya kwanza?

Kwa sababu mbili, na zote ziko mikononi mwako. Ya kwanza ni mgongo wa barabara kuwa bapa. Barabara ya udongo au moramu (kokoto laini yenye udongo) inataka mteremko wa asilimia 4 hadi 6 kutoka katikati kwenda kila upande. Kama nusu ya barabara ina upana wa mita 3, katikati pawe juu kuliko ukingoni kwa sentimita 15 hivi. Chini ya hapo maji yanasimama, tairi zinayakanyaga, shimo linazaliwa.

Ya pili ni tuta dogo la udongo unaloliacha ukingoni kwenye mkupuo wa mwisho. Linaonekana nadhifu, lakini linazuia maji yasifike mtaroni, na barabara inageuka mfereji. Rudi ulikate au ulisambaze, kisha fungua michirizi. Msimamizi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, anayejua kazi ataangalia hapo kabla ya kitu kingine. Tena, usipige greda kwenye vumbi kavu: bila boza la maji au unyevu wa mvua, kinachosawazishwa leo kinapeperuka wiki ijayo.

Nikiitwa kuchimba kwenye udongo mweusi wa mbugani?

Nenda kiangazi. Udongo huo hupasuka ukikauka na huvimba ukilowa, na mvua ya saa moja inatosha kuuzamisha mtambo wa tani 20. Ukishaanza kuzama, acha kuzungusha minyororo. Kila mzunguko unachimba kaburi. Weka magogo mbele ya minyororo, kita kijiko chini, jivute kidogo kidogo. Jioni ondoa tope lililokwama kwenye rola na sproketi, kwa kuwa likikauka usiku asubuhi rola hazizunguki na zinalika upande mmoja.

Mtambo ukodishwe pamoja na mafuta, au mafuta yawe ya mteja?

Kama hujaiona saiti, mafuta yawe ya mteja. Kijiko cha tani 20 hunywa takriban lita 12 hadi 18 kwa saa kutegemea ugumu wa ardhi, na katapila kubwa huzidi lita 20. Mwamba ukitokea chini ya sentimita 50 za udongo, faida yote inaishia kwenye tangi. Bei za kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo makubaliano ya zaidi ya mwezi mmoja yaseme nani anabeba ongezeko. Yaandikeni, hata kama ni shemeji yako.

## Malisho na maji

Shimo la silaji liwe na ukubwa gani?

Silaji ni majani yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa na kufunikwa bila hewa ili yachachuke na kudumu hadi kiangazi. Hapa waendesha mitambo wengi hukosea kwa sababu kijiko wanacho: wanachimba shimo kubwa. Ukubwa hupimwa kwa kasi ya kulisha, si kwa uwezo wa kuchimba.

Chukua ng'ombe 4, kila mmoja kilo 20 za silaji kwa siku, siku 150 za kiangazi. Hizo ni kilo 12,000. Silaji iliyoshindiliwa kwa miguu na pipa hubeba karibu kilo 500 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo unahitaji mita za ujazo 24. Ukichimba shimo la upana wa mita 2 na kina cha mita 1.5, kilo 80 za siku moja zitakula sentimita 5 tu za uso wake. Ni polepole mno: hewa inaingia, silaji inapata moto, ukungu unafuata, na ng'ombe wanaigomea. Chimba handaki la upana wa kijiko chenyewe, mita 1.2, kina mita 1. Sasa kilo 80 zinaondoa sentimita 13 kila siku, na silaji inabaki mbichi. Urefu unaotakiwa ni mita 20. Gawa mahandaki mawili ya mita 10, ili moja likiharibika usipoteze yote.

Chagua mwinuko ambako maji ya mvua hayafiki, na chimba mfereji mdogo upande wa juu. Tandika nailoni nzito chini na pembeni.

Nijaze nini, na kwa hatua zipi?

Mei, kabla hujaitwa saiti, tumia matete yaliyofika kama mita moja. Yakishapita hapo yana shina gumu na lishe kidogo. Yaache yanyauke siku moja, yakatekate vipande vya sentimita 2 hadi 3, na nyunyizia molasesi kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za majani, ukiizimua kwa maji kiasi ili imwagike. Molasesi hupatikana ukanda huu kwa sababu ya kiwanda cha sukari cha TPC, kusini mwa Moshi. Mahindi hayaihitaji, mradi uyakate punje zikiwa zimeanza kukaza lakini bado zina maziwa. Yaliyopandwa mwanzoni mwa masika hufika hapo mwishoni mwa Juni au Julai, kwa hiyo omba ruhusa mapema.

Jaza tabaka la sentimita 15, shindilia, jaza jingine. Pipa la lita 200 lililojaa maji, likiviringishwa na watu wawili, linafanya kazi nzuri kwenye handaki jembamba. Malizia siku hiyohiyo au kesho yake, funika kwa nailoni, rundika udongo juu. Usifungue kabla ya siku 30. Silaji nzuri ina rangi ya kijani iliyofifia na harufu kali ya uchachu. Ikinuka kama samadi, hewa au maji yaliingia.

Mashudu na pumba ninunue lini?

Mashudu ya alizeti, baada ya mavuno, Juni na Julai, ukiwa umepokea malipo ya kwanza ya saiti. Yahifadhi juu ya vichanja, pasipo unyevu. Kiasi: kilo 1 ya mchanganyiko wa mashudu na pumba kwa kila lita 2 hadi 3 ambazo ng'ombe anatoa juu ya zile zinazotokana na majani peke yake. Jiwe la madini la kulamba liwepo muda wote.

Naombwa kuchimba lambo la kunyweshea mifugo. Nichimbe pana au la kina?

La kina. Wateja wengi wa Longido na Monduli wanataka lambo linaloonekana kubwa, lakini hesabu inawakataa. Ng'ombe 50 wakinywa lita 30 kila mmoja kwa siku 150, wanamaliza mita za ujazo 225. Jua na upepo vikiondoa milimita 5 tu kwa siku, lambo la mita 20 kwa 20 linapoteza mita za ujazo 300 katika siku hizohizo. Jua linakunywa kuliko ng'ombe.

Punguza uso, ongeza kina, na uache kuta zikiwa na mteremko wa mita 2 za mlalo kwa mita 1 ya wima ili zisibomoke. Weka shimo dogo la kunasa tope mahali maji yanapoingilia, na njia ya kutolea maji yanayozidi, iliyo chini ya kimo cha tuta. Zungusha miiba, unyweshee kwenye hori nje; ng'ombe wakiingia ndani watalijaza tope na kinyesi. Udongo wa mfinyanzi unashika maji. Majivu ya volkano yanavuja, kwa hiyo chimba mashimo ya majaribio kwanza. Matumizi ya maji yanahitaji kibali. Ukanda huu mwingi uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye ofisi Moshi.

## Afya na uzazi

Nipange ndama azaliwe lini?

Mimba ya ng'ombe ni takriban siku 283. Akipandishwa katikati ya Machi, atazaa karibu na Krismasi. Wakati huo vuli imeleta majani, saiti nyingi zimefungwa, na Moshi nzima imerudi nyumbani, maana yake chai ya maziwa kila kaya. Ni mpango bora kuliko kuzaa Agosti ukiwa mbali.

Ng'ombe hurudia joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halizidi sana nusu siku. Ukiliona asubuhi, apandishwe jioni. Ukiliona jioni, kesho asubuhi. Dalili ya uhakika ni kusimama tuli akipandwa na mwenzake, pamoja na ute mwangavu kama ute wa yai. Mfunze msaidizi dalili hizo na umwachie namba ya mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu iliyohifadhiwa. Mbegu si tatizo mkoani: Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kiko Usa River.

Mkaushe, yaani acha kumkamua, siku 60 kabla ya kuzaa. Ndama apate dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) ndani ya saa 6 za kwanza, kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake. Ndama wa kilo 35 ni lita 3.5.

Ndigana kali naizuiaje nikiwa sipo?

Ni ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe wa kahawia ambaye hupenda kujificha ndani ya sikio. Anayeogesha kwa pampu mara nyingi analowesha mgongo na kuacha masikio, kisha anailaumu dawa. Kila wiki, lita 5 hadi 10 za dawa iliyochanganywa kwa kipimo cha lebo kwa ng'ombe mkubwa, ukianza na masikio, chini ya mkia, kwapani na kiwele, baada ya kukamua.

Chanjo ipo: sindano moja pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini, hufanywa na mtaalamu kwa sababu hutunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika. Kwa mtu anayesafiri, hakuna fedha inayotumika vizuri kuliko hiyo. Dalili za ugonjwa: tezi chini ya sikio na mbele ya bega kuvimba, homa kupita nyuzi 40, kukohoa, kupumua kwa shida. Dawa yenye buparvakuoni hufanya kazi ikiwahi. Povu likishatoka puani umechelewa.

## Mambo ya pembeni

Naweza kuweka gereji yangu karibu na zizi?

Weka uzio katikati. Betri kuukuu ni hatari ya kwanza: ng'ombe huilamba kwa ladha ya chumvi, na risasi iliyomo humpofusha, humfanya asage meno, asukume kichwa ukutani, kisha afe kwa degedege. Ya pili ni vipande vya waya, hasa vya tairi zilizochomwa. Ng'ombe hatafuni vizuri kabla ya kumeza. Waya hutuama kwenye tumbo la pili, jirani kabisa na moyo, na ukitoboa huko hapati nafuu. Na oili chafu si dawa ya kupe, hata kama jirani anaitumia. Inaunguza ngozi.

Kijiko kimefukua mifupa ya ng'ombe. Niendelee?

Simama. Arusha na Kilimanjaro zina maeneo yenye historia ya kimeta, ugonjwa unaoua mifugo ghafla na kuambukiza watu, na vijidudu vyake hukaa ardhini miongo mingi. Usiguse kwa mikono, fukia ulipofukua, zuia mifugo isichunge hapo, na mjulishe afisa mifugo wa kata. Kabla ya kwenda zizini kwako, osha buti na nguo. Ukiona kipele kisichouma kinachogeuka kidonda cheusi, nenda hospitali ueleze kazi uliyofanya.

Vilevile, ng'ombe aliyekufa ghafla huku damu isiyoganda ikitoka puani au njia ya haja hachunwi, hapasuliwi, haliwi. Afukiwe mzima, mita 2 chini, mbali na maji, kwa usimamizi wa afisa mifugo. Kuchimba shimo hilo bure ni msaada mkubwa ambao opereta anaweza kuwapa majirani.

Maji ya kisima yanafaa kwa rejeta na kwa ng'ombe?

Maji mengi kuzunguka Meru yana floraidi na chumvi nyingi. Kwenye rejeta huacha magamba, na injini inachemka. Tumia maji ya mvua yaliyochanganywa na kulanti (dawa ya rejeta). Ng'ombe wanaoyanywa tangu udogoni hupata meno ya kahawia yanayolika mapema, na wakizeeka wanashindwa kutafuna. Vuna maji ya paa la banda, hata kama ni ya ndama peke yao.

Mgongo unauma kila jioni, na bado kuna kazi zizini.

Rekebisha kiti kulingana na uzito wako. Kwenye mitambo mingi kuna kitasa chini ya kiti ambacho hakijaguswa tangu mtambo ununuliwe. Teremka ukiuelekea mtambo, viungo vitatu vikishika muda wote, na usiruke. Kila baada ya saa mbili shuka utembee. Nyumbani, funga bomba au mpira ufike horini, maana ndoo za lita 20 baada ya siku nzima ya kutikiswa ndizo zinazomaliza pingili. Ganzi ikishuka mguuni, muone daktari kabla ya kurudi kwenye usukani.